Sura ya Nne: Walioondoka Kabla ya Magari

Mwaka 1867 mhandisi Mfaransa Eugène-Henri Gavand alifika Istanbul kutembea. Kilichomshangaza zaidi ni miguu ya watu. Kutwa kucha umati ulikuwa ukipanda na kushuka kilima kikali kilicho kati ya Galata, bandarini kwenye ukingo wa Pembe ya Dhahabu, ambako kulikuwa na benki na maghala, na Pera iliyo juu, kwenye balozi, hoteli na maduka. Njia ilikuwa nyembamba, yenye ngazi, na ikinyesha ilikuwa balaa. Gavand akaona biashara hapo. Mwaka 1869 alipata kibali cha Sultani Abdülaziz, na tarehe 17 Januari 1875 treni ya chini ya ardhi ilianza kuupanda mlima ule, ikivutwa kwa kamba na injini za mvuke. Njia yake ina mita 573 tu. Kwa umri, ni ya pili duniani miongoni mwa treni za mijini zipitazo chini ya ardhi, baada ya ile ya London iliyofunguliwa mwaka 1863, na hadi leo inabeba abiria. Siku zile behewa moja lilipakia watu, na la pili mizigo, mikokoteni na wanyama.

Anayetoka kwenye kituo cha juu cha treni hiyo, kwenye uwanja uitwao Tünel, anakanyaga mwanzo wa İstiklal, Barabara ya Uhuru. Inakwenda kilomita 1.4 hivi, inajikunja kidogo katikati mbele ya lango la Shule ya Galatasaray, kisha inanyooka mpaka uwanja wa Taksim. Tramu moja nyekundu inapita taratibu katikati yake, ikipiga kengele ili watu wasogee. Nafasi iliyobaki ni ya waendao kwa miguu: wanafunzi, wachumba, watalii, wapiga muziki, wauza tikiti za bahati nasibu, na machinga wa Kituruki wenye masinia ya kome waliojazwa wali wa viungo, mikate ya duara iliyopakwa ufuta na, majira ya baridi, njugu kubwa za kestane zinazochomwa juu ya makaa.

Istanbul inajivunia barabara hii kama mahali ambapo mtembea kwa miguu alilishinda gari. Ushindi huo ni wa kweli, na miji mingi ya Afrika Mashariki, ambako anayetembea husukumwa hadi ukingoni mwa mtaro, ingefaa iuangalie kwa makini. Lakini habari haikuanzia kwenye magari. Magari yaliondolewa mwaka 1990. Kabla ya hapo, kwa takriban miaka hamsini, barabara hii ilikuwa ikiondolewa watu, na hasa wale walioijenga.

Wakati wa Milki ya Osmani, jiji la kale la misikiti mikubwa na masoko yenye mapaa lilikuwa ng'ambo, upande wa kusini wa Pembe ya Dhahabu. Pera ilikuwa upande wa wageni. Mabalozi wa Ulaya walijenga makazi yao kwenye kilima hiki, na kandokando yao wakakaa Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi na jamii za Kilatini zilizofanya biashara za Mediterania kwa vizazi kadhaa. Waliiita barabara yao Grande Rue de Péra, kwa Kifaransa. Waturuki waliiita Cadde-i Kebir, Barabara Kuu.

Waislamu pia walikuwapo, ingawa watu husahau. Karibu na kituo cha Tünel kuna zawiya ya Wamevlevi, wale masufi wanaozunguka katika ibada yao, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1491, kabla ya ubalozi wowote kujengwa hapo.

Tarehe 5 Juni 1870 moto ulizuka upande wa Taksim, na upepo ukaubeba. Sehemu kubwa ya Pera ilikuwa nyumba za mbao, na maelfu ya majengo yaliteketea, ubalozi wa Uingereza ukiwa miongoni mwake. İstiklal inayopigwa picha leo ni mtoto wa moto huo. Matajiri walijenga upya kwa mawe na matofali, wakaiga Paris, na wakapenda mtindo mmoja hasa: jengo la ghorofa lililopasuliwa katikati na njia ya watembea kwa miguu, maduka yakiwa kulia na kushoto na nyumba za kupanga zikiwa juu. Njia hizi, wanazoziita pasaj, zingali zimetapakaa pande zote mbili za barabara. Mtu huingia kutafuta kitufe cha koti, na hutokea mtaa wa nyuma akiwa na kitabu.

Maarufu zaidi kati yake ni Çiçek Pasajı. Mahali ilipo palikuwa na ukumbi wa maonyesho wa Naum, ulioungua katika moto wa 1870. Tajiri wa benki Mgiriki, Hristaki Zografos, alijenga hapo jengo lenye maduka na nyumba za kupanga lililokamilika mwaka 1876, likaitwa Cité de Péra. Kisha mapinduzi ya Urusi yakabadilisha wakazi wake. Mnamo Novemba 1920 jeshi la Jenerali Wrangel, lililokuwa likipigana na Wabolsheviki, lilishindwa huko Crimea, na meli zilizobeba wakimbizi wapatao 150,000, askari na raia, zikashuka Bahari Nyeusi hadi Istanbul. Wanawake wa familia za kikabaila, waliozoea kuhudumiwa na watumishi, walisimama Pera wakiuza maua ili wapate chakula, na jengo la Zografos likawa mahali pa maua. Ndiyo asili ya jina lake la sasa, Njia ya Maua. Baadaye ikajaa migahawa na vilabu vya bia. Tarehe 10 Mei 1978 sehemu ya jengo hilo lililokuwa limechoka ilianguka na kuua watu. Ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1988.

Ukitembea İstiklal ukiwa umeinua macho, orodha ya waliojenga inakuwa ramani ya dunia nzima. Jengo la Botter, la mwaka 1901, lilisanifiwa na Mwitaliano Raimondo D'Aronco kwa ajili ya Jean Botter, Mholanzi aliyekuwa fundi cherehani wa Sultani Abdülhamid wa Pili. Fundi alikuwa na chumba cha mitindo chini na makazi yake juu. Jengo la Mısır lilisanifiwa na Mwarmenia Hovsep Aznavur kwa ajili ya pasha mmoja wa Misri, na ndani yake ndimo alimofariki mshairi Mehmet Akif Ersoy mwezi Desemba 1936. Ersoy ndiye aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Uturuki, na wimbo huo una jina lilelile la barabara. Kanisa la Mtakatifu Antoni wa Padua lilimalizika mwaka 1912, kazi ya Giulio Mongeri. Miaka ya Vita Kuu ya Pili, askofu mnene mcheshi aliyekuwa mwakilishi wa Vatikani nchini alihubiri humo: Angelo Roncalli, aliyekuja kuwa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu.

Jamhuri ilipotangazwa mwaka 1923 makao makuu yalihamia Ankara, balozi zikafuata, na majumba yao Pera yakabaki balozi ndogo. Barabara ikapewa jina lake jipya. Wenye maduka, hata hivyo, walibaki kuwa walewale.

Pigo la kwanza lilikuja kwa karatasi. Tarehe 11 Novemba 1942 bunge la Uturuki lilipitisha kodi ya mali, Varlık Vergisi. Serikali ya Şükrü Saracoğlu ilieleza kuwa inawalenga waliotajirika kwa magendo ya wakati wa vita. Kamati za makadirio zilifanya kazi bila kueleza vigezo, na wafanyabiashara Waarmenia, Wayahudi na Wagiriki wakakuta wamepangiwa viwango vilivyozidi mara nyingi vile vya Waislamu wenye biashara za ukubwa uleule. Hapakuwa na mahakama ya kukata rufaa. Muda wa kulipa ulikuwa siku kumi na tano. Maduka yalipigwa mnada pamoja na vilivyokuwamo, na mali ikapata wenyewe wapya kwa bei ya kutupa. Wanaume wapatao 1,400 walioshindwa kulipa, wote wasio Waislamu, walipelekwa Aşkale karibu na Erzurum, kwenye baridi kali ya mashariki, kupasua mawe na kuzoa theluji barabarani. Ishirini na mmoja kati yao hawakurudi. Kodi ilifutwa Machi 1944, lakini duka lililokwisha kuuzwa halikurudishwa.

Pigo la pili lilikuja usiku mmoja. Tarehe 6 Septemba 1955, wakati mzozo wa Uturuki na Ugiriki juu ya Kipro ukiwa umepamba moto, redio na gazeti moja la jioni vilitangaza kuwa nyumba aliyozaliwa Atatürk, mwanzilishi wa Jamhuri, huko Thessaloniki nchini Ugiriki, mji ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kama Thesalonike, imelipuliwa kwa bomu. Bomu lilitegwa kweli katika eneo la ubalozi mdogo wa Uturuki, lakini nyumba iliharibika kidogo tu, na aliyeshtakiwa kwa kulipeleka alikuwa mwanafunzi mwenye uraia wa Ugiriki na asili ya Kituruki. Jioni ile makundi yaliyoletwa kwa malori na treni, yakiwa na mitaimbo, yalijimwaga Beyoğlu, yaani Pera kwa jina lake la Kituruki. Mapazia ya chuma yaling'olewa, vioo vikavunjwa. Majora ya vitambaa yalikunjuliwa kutoka ghorofani hadi chini, piano na majokofu vikatupwa, na asubuhi İstiklal ilikuwa imefunikwa na nguo, viatu, unga na vipande vya vioo kiasi kwamba mawe ya barabara hayakuonekana. Makanisa, shule na makaburi ya Wagiriki yalichomwa au kunajisiwa katika sehemu nyingi za jiji. Polisi walisimama kando. Vifaru viliingia mitaani baada ya sheria ya kijeshi kutangazwa. Miaka michache baadaye, serikali ya Adnan Menderes ilipopinduliwa, kesi za kisiwani Yassıada zilichunguza pia mkono wake katika usiku ule.

Sultani wala Jamhuri hawakuwahi kuwapa Wagiriki wa Pera sababu ya kuamini kuwa watalindwa siku zote. Sasa walikuwa na sababu ya kuamini kuwa hawatalindwa. Wengi walianza kufunga virago. Mwaka 1964 Ankara ilimalizia kazi kwa kufuta ruhusa ya ukaazi ya wenye uraia wa Ugiriki, watu wapatao 12,000. Waliruhusiwa kuondoka na kilo ishirini za mizigo na fedha kidogo zisizozidi dola 22. Wengi wao walikuwa wameoa au kuolewa na Wagiriki wenye uraia wa Uturuki, na familia zao zikawafuata. Jamii iliyokuwa na watu wapatao 100,000 mjini Istanbul katika miaka ya 1920 leo imebaki na elfu chache.

Ni kosa kuyaweka haya kando kama habari za dini na siasa zisizohusu maduka. Mtaa wa biashara hauna mtaji mkubwa kuliko watu wanaojua kazi: anayejua mteja gani hulipa mwisho wa mwezi, kitambaa gani hakichuji, siagi ya nani inafaa kwa keki. Ujuzi huo uliondoka na kilo ishirini za mizigo. Katika miaka ya 1970 İstiklal ilikuwa imejaa sinema za filamu za bei rahisi, baa za kutiliwa shaka na majengo yenye vyumba vitupu ghorofani. Tramu za upande wa Ulaya zilikuwa zimefutwa mwaka 1961, na nafasi yake ikachukuliwa na teksi na mabasi yaliyojibana katikati ya kuta za karne ya kumi na tisa, moshi ukipanda moja kwa moja madirishani.

Mmoja wa walioanza kuisemea barabara alikuwa mwuza nguo. Vitali Hakko, Myahudi wa Istanbul, alianza miaka ya 1930 na duka dogo la kofia, miaka michache baada ya Atatürk kupiga marufuku tarbushi na kuwafanya wanaume wote wa nchi watafute kofia mpya. Kutoka hapo alijenga kampuni ya mavazi ya Vakko, na mwaka 1962, wakati wengine wanakimbia, alifungua duka kubwa la fahari hapohapo İstiklal. Katikati ya miaka ya 1980 alishirikiana na wenzake kuunda chama cha kuipendezesha Beyoğlu, na moja ya kazi zao ilikuwa kushawishi magari yaondolewe.

Yangekwenda wapi? Hili ndilo swali ambalo kila mji unaofunga barabara hulazimika kulijibu, na jibu la meya Bedrettin Dalan lilikuwa tingatinga. Sambamba na İstiklal, hatua chache upande wa kaskazini-magharibi, ulikuwapo mtaa wa Tarlabaşı, makazi ya mafundi na makarani waliofanya kazi katika maduka ya barabara kuu. Kati ya mwaka 1986 na 1988 majengo zaidi ya 300 yalibomolewa humo ili kupitisha barabara pana ya magari. Chama cha wasanifu majengo kilikwenda mahakamani. Kesi zilipokuwa zikiendelea, kuta zilikuwa zikianguka. Nyumba nyingi miongoni mwa hizo zilikuwa za Wagiriki walioondoka, na ndiyo sababu sauti za kuzitetea zilikuwa chache.

Hivyo İstiklal ikapata utulivu wake. Ikiwa imetengwa ng'ambo ya njia sita za magari, Tarlabaşı ikawa mahali pa wasio na pengine pa kwenda: Wakurdi waliokimbia vita vya kusini-mashariki, Waroma, na baadaye wahamiaji kutoka Afrika na Syria. Dakika tano za kutembea zinatenganisha chumba cha hoteli ya kitalii na chumba kimoja cha familia ya wahamiaji, na kati yake kuna barabara ambayo mtoto hawezi kuivuka bila kushikwa mkono. Yeyote anayeisifu İstiklal kwa wapangaji wa miji aionyeshe pia barabara hiyo.

Barabara ilifungwa kwa magari mwaka 1990, chini ya meya aliyefuata, Nurettin Sözen, na tarehe 29 Desemba mwaka huohuo tramu ilirudi. Mabehewa ya zamani yalitolewa makumbusho, yakatengenezwa, yakapakwa rangi nyekundu na krimu. Watoto walijifunza mara moja kudandia nyuma. Sinema, kumbi za muziki, maduka ya vitabu na migahawa vilirudi kwa kasi, na kwa miaka ishirini hivi İstiklal ilikuwa, kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, mojawapo ya barabara zenye uhai mkubwa kuliko zote barani Ulaya.

Waswahili nao wamo katika umati huo, ingawa si kwa ajili ya kununua. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Istanbul kufungasha nguo hufanya kazi yake Laleli na Merter, ambako bei ni ya jumla na wauzaji huhesabu kwa dazeni. İstiklal hupandwa jioni, mzigo ukishakabidhiwa kwa wakala, kwa ajili ya kutembea tu na kupiga picha na tramu.

Lakini barabara yenye umati huvutia kodi kubwa. Sheria mpya iliyoanza kutumika mwaka 2012 ilimwezesha mwenye jengo kumtoa mpangaji wa miaka mingi bila kueleza sababu, na maduka ya zamani yakaanza kudondoka moja baada ya jingine huku maduka ya makampuni makubwa, yaleyale ya kila jiji, yakichukua nafasi. Kwenye jengo la Cercle d'Orient, kazi ya msanifu Alexandre Vallaury ya mwaka 1884, kulikuwa na duka la keki la İnci, lililofunguliwa miaka ya 1940 na Lukas Zigoridis, mmoja wa wale Wagiriki wachache waliobaki. Watu walikula keki zake ndogo zilizomiminiwa chokoleti wakiwa wamesimama, kwa maana viti havikutosha. Desemba 2012 maofisa walikuja, na vyombo vikatolewa nje. Nyuma ya jengo hilohilo ilikuwapo sinema ya Emek, ya mwaka 1924. Mwezi Aprili 2013 waandamanaji waliokuja kuitetea walipigwa kwa maji ya presha na gesi, huku mwongozaji filamu Costa-Gavras akiwa miongoni mwao. Ukumbi ulivunjwa, na nakala ya mapambo yake ikajengwa ghorofani katika jumba la maduka. Wiki chache baadaye yalianza maandamano ya kuitetea bustani ya Gezi pale Taksim, na waliokuwa Emek walikuwa wamekwisha kufahamiana.

İnci ilifunguliwa tena katika mtaa mwembamba wa jirani, Mis Sokak. Keki ni ileile.

Swali la nani anaruhusiwa kukaa kwenye barabara isiyo na magari limeendelea kuulizwa kwa njia nyingine. Mwaka 2005, nusu karne baada ya usiku wa Septemba, nyumba ya sanaa moja hapo İstiklal ilionyesha picha za maduka yaliyovunjwa, zilizohifadhiwa na jaji wa kijeshi aliyesikiliza kesi zake. Siku ya ufunguzi kundi la watu liliingia, likachana picha na kurusha mayai. Mwaka 2011 manispaa iliagiza meza za migahawa ya vichochoro vya Beyoğlu ziondolewe nje. Tarehe 13 Novemba 2022 bomu lililoachwa kwenye benchi liliua watu sita na kujeruhi wengine 81, na mabenchi yakaondolewa.

Na pale katikati, mbele ya lango la Galatasaray, tarehe 27 Mei 1995 kundi la akina mama lilianza kukaa chini kila Jumamosi adhuhuri, likasitisha kati ya mwaka 1999 na 2009, kisha likarudi, kila mmoja ameshika picha ya mwana, mume au kaka aliyekamatwa na asionekane tena. Wa kwanza walikuwa jamaa wa Hasan Ocak, mwalimu aliyetoweka Machi mwaka huo na ambaye mwili wake ulipatikana katika makaburi ya wasiojulikana. Hawapigi kelele. Husoma jina moja, tarehe moja, na kueleza alivyochukuliwa. Agosti 2018, walipofikia Jumamosi ya 700, polisi waliwatawanya na kuuzungushia uwanja vizuizi vya chuma. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa haki yao ya kukusanyika ilivunjwa. Vizuizi havikuondolewa kwa uamuzi huo. Tangu mwishoni mwa mwaka huo kundi dogo, watu wapatao kumi, limekuwa likiachiwa kusimama mbele ya vizuizi na kusoma tamko lake, na mwezi Mei 2024 walitimiza Jumamosi ya 1,000, tramu ikipita nyuma yao na wanunuzi wakiendelea kupishana na mifuko yao.